Watu wa Lubumbashi: Tulitoka Wapi, Tunaishi Namna Gani

Hotuba iliyotolewa mbele ya waparokia na wageni wakati wa sikukuu ya yubilei






Kamati ya yubilei ilinipa kazi ya kusema mbele yenu juu ya watu wa mji huu. Wasemaji walionitangulia wameeleza vizuri historia ya parokia: mapadri waliopita, majengo yaliyojengwa, taabu zilizovumiliwa. Mimi nitasema juu ya wale wanaojaza viti vya kanisa kila siku ya Mungu: wametoka wapi, wanaishi namna gani, na kwa nini wamekutana hapa.

Mada hii ina sababu yake. Kila mara maisha yanapokuwa magumu katika Lubumbashi, swali moja linarudi: nani ni mwenyeji wa hapa, na nani ni mgeni? Swali hilo si la mchezo. Tangu nchi ilipokaribia uhuru limewatoa watu katika nyumba zao mara mbili. Siku hizi linasemwa tena sokoni, kwenye vituo vya basi na, tuseme kweli, hata karibu na mlango wa kanisa. Basi yafaa tulijibu kwa utulivu, historia ikiwa mkononi mwetu.

I. NCHI KABLA YA MJI

Mahali hapa palikuwa na watu kabla Wazungu hawajafika. Misitu ya miombo iliyo kati ya mto Lubumbashi na mto Kafubu ilikuwa nchi ya Balamba. Mpaka leo eneo la chifu Kaponda linauzunguka mji, na kila anayetafuta kiwanja pembezoni anajua kwamba jina hilo bado lina uzito. Kuelekea kaskazini na magharibi, Basanga na wengine walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba tangu karne nyingi. Walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama mali katika biashara na kama mahari katika ndoa, nayo ilisafiri mbali sana kuliko waliyoitengeneza.

Katika karne ya 19 alifika Msiri, mtu wa upande wa Tanzania ya leo, akajenga enzi yake huko Bunkeya. Watu wake, Bayeke, walifanya biashara na pwani ya mashariki na hata pwani ya magharibi. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na baada yake Wabelgiji walishika nchi. Lakini kwa njia ya biashara ile, pamoja na misafara ya Wangwana upande wa Maniema, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia katika sehemu hizi kama lugha ya kukutana na mtu asiye wa kwenu.

Ninayataja haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni haki. Wakati sisi wengine tunabishana nani ni mwenyeji, mara nyingi tunasahau kuwauliza Balamba neno lolote, nao walikuwa hapa. Ya pili ni kwamba hata kabla ya Wabelgiji, nchi hii ilikwisha kuona wageni wakifika, wakifanya biashara, wakipigana, wakioa na kuzaa. Kuchanganyika hakukuanza na mji.

II. MJI ULIOLETWA NA RELI

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Shaba ilikuwepo, lakini njia ya kuitoa haikuwepo. Njia hiyo ilikuwa reli, nayo reli ilitoka kusini, katika nchi za Waingereza. Gari la moshi la kwanza lilifika hapa tarehe 27 Septemba 1910. Mwaka ule ule Emile Wangermée, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Katanga, alipima barabara za mji mpya, nao ukaitwa Élisabethville kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka ule ule pia walifika Wabenediktini wakiongozwa na Dom Jean-Félix de Hemptinne, na mwaka 1911 walifika Wasalesiani. Katika mwaka huo wa 1911 tanuru la kando ya mto lilitoa shaba yake ya kwanza. Mawe ya udongo wa kiwandani tunayoyaona leo yamerundikwa kama mlima mweusi, karibu na bomba refu la moshi, yalianza kurundikwa tangu enzi hiyo.

Kwa kuwa reli ilitoka kusini, watu wa kwanza nao walitoka kusini. Kati ya Wazungu, wengi walikuwa wasema Kiingereza waliotoka Rodezia na Afrika ya Kusini. Pamoja nao walikuja Waitalia, Wagiriki, na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Kati ya Waafrika, kazi ya mgodi na tanuru ilifanywa na wengi waliotoka Rodezia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Serikali ya Wabelgiji haikupenda mji wake uwe kama kipande cha nchi ya Waingereza. Kwa hiyo ilitafuta watu upande mwingine, na tangu 1910 ilikuwa na ofisi ya kuandika wafanyakazi kutoka vijiji vya Kongo.

Kazi ile ya mwanzo ilikuwa nzito, na kifo kilikuwa karibu. Kambi zilikuwa mbaya, baridi ya mwezi wa Juni ilikuwa kali kwa watu waliotoka nchi za joto, na magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliua wengi. Mwaka 1918 ile homa kubwa iliyozunguka dunia nzima ilipita hapa pia. Mtu alikuja kwa miezi michache, akapata kodi ya serikali na nguo chache, akarudi kwao kama Mungu alimlinda. Mji ulikuwa mji wa wanaume. Wanawake walikuwa wachache, na watoto wachache zaidi.

Kisha reli ikaelekea kaskazini. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 ilifika Ilebo, iliyoitwa zamani Port-Francqui, ikiwa imepita katikati ya Kasai. Ndipo watu wa Lomami na wa Kasai walipofika kwa wingi. Karibu na miaka ile ile kampuni iliandika watu mpaka Rwanda na Burundi. Wengine walitoka Maniema. Mtu akitaka kujua kwa nini kabila fulani liko wengi hapa na lingine wachache, atazame kwanza ramani ya reli. Mara nyingi jibu liko pale.

III. KAMBI NA SITE

Mwaka 1928 Union Minière iliamua jambo lililobadilisha mji wote. Iliona kwamba kuandika watu wapya kila mara ni gharama, na kwamba mfanyakazi anayekufa au anayerudi kwao anaondoka na ujuzi wake. Basi ikaanza kutoa mapatano ya miaka mitatu, na kumhimiza mfanyakazi alete mke wake au aoe. Ilijenga nyumba za familia, zahanati, mahali pa kuzalishia na shule. Posho ilihesabiwa kwa mume, mke na watoto. Shule hizo kampuni iliziweka katika mikono ya wamisionari.

Tusidhani kwamba hayo yalifanywa kwa huruma tu. Kampuni ilitaka wafanyakazi wenye afya na, baada yao, watoto watakaokuwa wafanyakazi. Lakini matunda yake yalipita hesabu ya kampuni. Walizaliwa watoto ambao hawakuwa na kijiji kingine ila kambi. Baba alitoka Kabinda, mama alitoka Kasenga, mtoto alitoka Lubumbashi. Ukimwuliza kwao, anakuonyesha bomba la moshi.

Hata hivyo kampuni iliweza pia kuwarudisha watu. Taabu ya biashara ya dunia ilipofika katika miaka ya 1930 na bei ya shaba ikaanguka, ilipunguza wafanyakazi wake kwa zaidi ya nusu, na maelfu walirudishwa makwao. Wakati wa vita kuu ya pili shaba ilitakiwa tena sana, kazi ikaongezwa, lakini mshahara haukutosha. Wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 Desemba 1941 askari walipiga risasi kwenye uwanja wa mpira walipokuwa wamekusanyika, na wengi walikufa. Mgomo ule haukuwa wa kabila moja. Njaa iliwakutanisha.

Nje ya kambi ilikuwepo site. Huko waliishi watu wasio wa kampuni: boyi wa nyumba za Wazungu, makarani, mafundi wa nguo, maseremala, watu wa reli, wachuuzi, mama waliopika pombe na kuuza unga. Site ya kwanza ilikuwa ile tunayoiita leo Kamalondo. Mwaka 1929 ilianzishwa Kenya, na katika miaka ya 1950, mji ulipojaa, zilifuata Katuba na Ruashi. Kati ya mji wa Wazungu na site ya Waafrika uliachwa uwanja mtupu wa mamia kadhaa ya mita. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini bila kibali. Maisha ya watu hao wa site, hasa maboyi, yaliandikwa mwaka 1965 na André Yav katika kitabu kidogo cha Kiswahili cha hapa, kiitwacho kwa Kifaransa Vocabulaire de la ville d'Élisabethville. Ni vizuri vijana wetu wajue kwamba historia ya mji huu iliandikwa pia na mtu aliyefanya kazi jikoni, katika lugha yetu wenyewe.

IV. LUGHA MOJA YA WATU WENGI

Katika miaka ya kwanza wakubwa wa mgodi walitumia maneno machache yaliyotoka kusini, yaliyoitwa Kikabanga. Yalikuwa maneno ya kuamuru: leta, beba, fanya upesi. Wafanyakazi wa kaskazini walipozidi kuwa wengi, Kiswahili kilichukua mahali pake. Hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote kati yao. Muluba alijifunza, Mubemba alijifunza, Musonge alijifunza, na kila mmoja alileta maneno ya kwao, hasa Kibemba na Kiluba.

Leo ni lugha ya mama ya watoto wetu. Wageni kutoka Dar es Salaam au Mombasa wanaposikia namna tunavyosema, wanacheka kidogo, nasi tunacheka pamoja nao. Lakini tuelewe thamani ya kitu hicho. Watu waliotoka nchi zenye lugha nyingi, bila shule ya kuwafundisha lugha hiyo, walijitengenezea lugha ya kuposa, ya kuomba, ya kushtaki na ya kulia matanga. Ndiyo mali ya kwanza ambayo watu wa Lubumbashi waliijenga wenyewe, bila kupewa na kampuni.

Mali ya pili ni mpira. Mwaka 1939 Wabenediktini walianzisha timu ya wanafunzi iliyokuja kuwa Mazembe, na mwaka ule ule watu wa reli walikuwa na timu yao, Saint-Éloi, yaani Lupopo. Siku hizi mtu akikuuliza kama wewe ni wa Mazembe au wa Lupopo, haulizi kabila lako. Anauliza upande wako katika mji.

V. KURA NA MACHOZI

Sasa nifike penye uchungu. Watu waliofika mjini walianzisha vyama vya makabila yao. Vyama hivyo vilifanya kazi njema: vilizika wafu, vilisaidia wagonjwa, vilituma habari kijijini, vilimpokea kijana aliyeshuka kwenye gari la moshi bila kujua mtu. Hatuwezi kuwashtaki wazee wetu kwa sababu hiyo. Lakini mwishoni mwa mwaka 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa komini, na kwa mara ya kwanza hesabu ya watu iligeuka kuwa nguvu. Waliopata kuwa wakuu wa komini za Waafrika hawakuwa wazaliwa wa Katanga ya kusini. Wengi walioitwa wenyeji waliona hatari. Mwezi wa Oktoba 1958 vyama vyao viliungana na kuwa Conakat.

Mnajua yaliyofuata. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangazwa kuwa nchi ya peke yake, na hali hiyo iliendelea mpaka Januari 1963. Mwaka 1961 Baluba, wale wa Kasai na wale wa Katanga ya kaskazini pia, walikimbia nyumba zao katika mji huu wakaomba ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Makumi ya maelfu walikaa katika kambi moja, katika vibanda vya nguo na vya mabati, hata waliposafirishwa mwaka 1962. Walikuwa majirani: walimu, makarani, mafundi, watu waliokaa benchi moja na wengine siku ya Misa.

Mara ya pili ilikuwa katika miaka ya 1992 na 1993, wakati jimbo lilipoitwa Shaba. Ugomvi wa wakubwa wa Kinshasa ulishuka mpaka katika kambi za Likasi na Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai waliondoshwa. Walilala kwenye vituo vya reli wakingoja magari, na wengi, hasa watoto, walikufa kabla ya kufika mahali walipoambiwa kwamba ni kwao. Kumbuka kwamba wengi wao hawakuwa wameiona Kasai hata siku moja. Mji wa Lubumbashi haukuona ukali kama wa Likasi, lakini hofu iliingia katika kila nyumba, na ndoa za watu wa pande mbili zilijaribiwa vibaya sana.

Tutazame vizuri wakati wa mambo hayo. Mwaka 1958 bei ya shaba ilikuwa imeshuka na kazi ilikuwa imepungua. Mwaka 1992 Gécamines ilikuwa inaanguka. Mara zote mbili mkate ulipungua kwanza, na baadaye tu ndipo watu walipoanza kuhesabu nani anakula na ametoka wapi.

VI. KAMPUNI ILIPOACHA KUWA BABA

Serikali ilichukua kampuni mwaka 1967, nayo ikaja kuitwa Gécamines. Kwa muda ilibaki kama zamani: mshahara, nyumba, unga, hospitali, shule. Mnamo 1986 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto uliporomoka, na kufika mwaka 1993 kampuni haikufikisha hata tani 60,000. Mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 walipewa fedha ya kuondoka, nao wakaondoka. Wengi wao walikuwa wameitumikia tangu ujana.

Mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliita kitabu chake juu ya familia hizo, kilichotoka mwaka 2001, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo linasema yote. Lakini katika nyumba zilizoachwa na baba huyo, mama walisimama. Walilima mahindi na viazi pembezoni mwa mji, waliuza makala, mafuta na samaki wa Kasenga, walivuka mpaka wa Kasumbalesa kutafuta unga wa Zambia. Madaraka katika familia yalibadilika: yule aliyeleta chakula alianza kusikilizwa. Watoto wengine walikosa shule, na wengine walitupwa barabarani, hata kushtakiwa uchawi. Tusifiche jambo hilo. Lilitokea katika mitaa yetu.

VII. LUBUMBASHI YA LEO

Hesabu kamili ya mwisho ya watu wa nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Wakati ule Lubumbashi ilikuwa na watu zaidi kidogo ya nusu milioni. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2018 yaliweka mwaka 2020 karibu milioni mbili na nusu. Maana yake ni kwamba, katika miaka isiyofika arobaini, kwa kila mtu mmoja wamekuwa zaidi ya wanne. Na kama ilivyo katika Kongo yote, karibu nusu ya watu hawajafika miaka kumi na mitano. Watu wengi wa Lubumbashi, basi, hawakufika kwa gari la moshi wala kwa lori. Walizaliwa hapa.

Mji una komini saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Katika komini ya Lubumbashi, upande wa Golf, kuna nyumba za ghorofa, kuta ndefu na walinzi. Katika Annexe, huko Kasungami na Kalebuka, watu wamejenga kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, na wengi wanachota maji ya kisima na kukaa gizani. Zamani uwanja mtupu ulitenga Mzungu na Mwafrika. Leo mfuko ndio unaotenga, na watu wa kabila moja wako pande zote mbili za ukuta.

Tangu sheria ya madini ya mwaka 2002, kampuni za kigeni zimefika, na pamoja nazo Wachina, Wahindi, Walebanoni na Wazambia. Vijana kutoka kila jimbo wanakuja kutafuta riziki, wengine kwa kuchimba kwa mikono, wengine kwa kuendesha pikipiki. Na treni ya Kasai, ile ile njia ya 1928, inaendelea kuleta watu, wengi wao wakikimbia umaskini na vita vilivyoharibu vijiji vya Kasai katika miaka ya 2016 na 2017. Ndiyo sababu lile swali la zamani linasikika tena.

Niongeze jambo moja. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mtu wa Kalemie au wa Kamina aliyekaa hapa tangu utoto alilala akiwa mtu wa jimbo, akaamka akiwa mtu wa jimbo lingine, bila kuhamisha hata kiti kimoja. Kama mwenyeji ni yule aliyeandikwa katika jimbo, basi kalamu moja yaweza kumgeuza mwenyeji kuwa mgeni usiku mmoja. Leo ni yeye. Kesho ni nani?

VIII. NENO LA MWISHO

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Lubumbashi mgeni alipewa jembe siku ya kwanza kabisa. Alilishika baba, akalishika mwana, akalishika mjukuu. Aliyechimba, aliyejenga, aliyezika wazazi wake katika udongo huu, tutamwita mgeni mpaka lini? Na Mulamba ambaye udongo huu ni wa babu zake, tutamsahau mpaka lini? Maswali haya mawili yanakwenda pamoja. Anayejibu moja na kuliacha lingine hajajibu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo ni madogo.

La kwanza: tuandikishe watoto wetu serikalini wanapozaliwa, bila kungoja. Nchi isiyo na hesabu ya kweli inajaa hesabu za uongo. Kila mmoja anasema wale ni wengi kupita kiasi, na hakuna wa kumpinga, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Mtoto asiye na cheti ni mtu wa kwanza kuitwa mgeni.

La pili: anayenunua kiwanja pembezoni afuate haki, aulize wenye ardhi, asikubali kuuziwa shamba la mjane kwa siri. Ugomvi mwingi unaovaa nguo ya kabila ni ugomvi wa kiwanja.

La tatu: jumuiya zetu zimtafute anayefika, zisingoje mpaka chama cha kabila lake kimpokee peke yake. Kama anapata msaada kwa watu wa kwao tu, atabaki mtu wa kwao tu, nasi tutakuwa tumemfunga sisi wenyewe. Na tunapochagua viongozi wa jumuiya, tutazame kazi ya mtu, tusitazame kituo cha reli ambapo babu yake alipandia.

Yubilei ni wakati wa kushukuru kwa ajili ya waliotutangulia. Tukisoma majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa tangu parokia hii ianze, tunasikia Mutombo, Mwansa, Ilunga, Kabwe, Chanda, Ngoy, Kalenga, Mumba, moja karibu na lingine katika ukurasa ule ule. Mwandishi hakuwatenga. Nasi tusiwatenge.